Uliza, kisha omba kuona dawa: kwa mnaoanza kuandikia watu mazoezi

Vijana wapya wanapoingia kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia, huwa wanataka orodha. Mgonjwa wa presha apewe mazoezi gani? Wa sukari je? Wa goti? Siwalaumu, mitihani ya chuo iliulizwa hivyo hivyo. Ila ukishakaa kazini utaona kwamba orodha ndiyo sehemu nyepesi. Zoezi lenyewe mara nyingi ni kutembea, kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta. Kazi ngumu ni kujua mtu aliye mbele yako anaanzia wapi na anameza nini.

Kuanzia wapi ni jambo zito kuliko linavyosikika. Mshtuko wa moyo katikati ya mazoezi ni nadra, na unapotokea huwapata zaidi wale waliokaa muda mrefu bila kushughulisha mwili, wakakurupuka siku moja na kujikamua. Mnawajua: baba wa ofisini, kitambi cha miaka kadhaa, Jumamosi moja anajiunga na klabu ya joging na kutaka kumaliza njia yote sambamba na vijana. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila mtu, mzima au mgonjwa, linahusu miezi mitatu iliyopita: amekuwa akifanya mazoezi ya wastani angalau dakika 30, siku tatu kwa wiki? Kipimo hicho kinatumiwa na Chuo cha Madaktari wa Michezo cha Marekani (ACSM) kumtenga aliyezoea na asiyezoea.

Lakini uliza kwa akili. Mama lishe atakwambia hafanyi mazoezi kabisa, kumbe tangu alfajiri amesimama, amebeba ndoo, ametembea sokoni na kurudi. Na yuko mwingine anayesema anaenda jimu, kumbe ni wiki ya mshahara tu. Uliza kazi, uliza anafikaje kazini, uliza Jumapili anafanya nini.

Halafu dalili. Hapa msiulize kwa lugha ya daftari. Watu wetu wengi wakibanwa kifua wanasema ni gesi au vidonda vya tumbo. Swali ni hili: hiyo gesi inakuja lini? Ikija anapopanda ngazi au mlima na kutulia akisimama kupumzika, usimwandikie hata zoezi moja. Mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, moyo wake upimwe. Vivyo hivyo kwa anayehema akilala chali, anayevimba miguu bila sababu inayojulikana, au anayezimia akijitahidi. Na ujana usiwadanganye. Kijana wa miaka 19 anayesema alianguka uwanjani akapoteza fahamu anahitaji kipimo cha umeme wa moyo na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti kabla hajarudi kukimbia. Nchini kwetu bado tunaona vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na vali iliyobana sana haivumilii mazoezi makali.

Sasa dawa. Hili ndilo ninalolirudia hadi vijana wananichoka. Msiridhike na jibu la mdomo.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Leo asubuhi umemeza dawa gani?"
"Za presha na za sukari."
"Naomba nizione, mama."

Anafungua pochi, anatoa vibahasha vya karatasi vya duka la dawa. Kimoja kimeandikwa atenololi, hiyo ya presha, kingine glibenklamidi, hiyo ya sukari. Ana miaka 58. Mgeni wa kazi atachukua kikokotoo: 220 toa umri wake, 58, ni 162, kadirio la mapigo yake ya juu kabisa; asilimia 60 hadi 70 yake ni mapigo 97 hadi 113 kwa dakika, amtembeze mpaka afike hapo. Atenololi inashusha mapigo ya moyo, na moyo wa mama huyu hautapanda kama hesabu inavyodai. Ukiifukuzia ile namba utamkamua kupita uwezo wake huku ukijipongeza kwamba bado yuko chini ya kiwango.

Glibenklamidi nayo inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na misuli inayofanya kazi inaivuta sukari hiyohiyo. Kawaida sukari ikishuka mtu hutetemeka, moyo ukaenda mbio, akajua. Atenololi inaficha dalili hizo mbili. Inabaki jasho, na katika joto la Dar es Salaam la Januari nani atalitofautisha jasho la sukari na jasho la kutembea? Dawa mbili za kawaida kabisa, kila moja sahihi kwa mgonjwa wake, zikikutana na zoezi zinakudai uangalifu wa aina yake. Angekuwa anameza metformini, dawa nyingine ya sukari, peke yake nisingekuwa na wasiwasi huo.

Kwa mama huyu, au yeyote anayetumia insulini, pima sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 mmol/L ale kwanza kitu chenye wanga, ndizi au kipande cha mkate, kisha mngojee. Ikizidi 13.9 na anajisikia vibaya, ana kiu kali, anatapika, hakuna mazoezi. Nduguye ampeleke kwa daktari. Wekeni sukari na maji safi chumba cha mazoezi: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vinatosha kuanza kumwinua aliyeshuka. Mwambieni pia kwamba sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku, kwa hiyo asitembee jioni kisha akalala bila kula.

Mapigo yasipoaminika, tunapima ukali kwa kumsikiliza. Kuna kipimo cha Msweden Gunnar Borg, kinachoanza 6, mtu akiwa amekaa tu, mpaka 20, akiwa hawezi tena. Wastani ni 12 hadi 13. Kwa wazee wetu namba inayoanzia 6 inawachanganya, nimeiacha. Ninatembea pembeni yake na kumwomba anisimulie safari yake ya kuja hospitali leo. Akisimulia vizuri lakini asingeweza kuimba, tuko pazuri. Sentensi zikianza kukatika kila baada ya maneno mawili matatu, tunapunguza mwendo.

Kipimo cha dozi ya mazoezi mnakijua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya kujizuia kuanguka. Kosa ninaloliona sana ni kumwandikia mtu 150 siku ya kwanza. Huko ndiko anakokwenda. Mama yetu nilimwandikia hivi: dakika 10 asubuhi na 10 jioni baada ya kula, siku nne kwa wiki, kila wiki mbili aongeze dakika tano kwa kila mzunguko, na mwendo asiuguse mpaka dakika zimkae. Kuinuka kwenye kiti mara nane, apumzike, arudie, siku mbili zisizofuatana. Akiinuka ahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndiko kunakorusha presha juu ghafla.

Presha ikiwa imezidi 200 kwa 110 akiwa amepumzika, siku hiyo ni ya daktari. Na msimruhusu mtu wa presha kusimama ghafla mwishoni: dawa nyingi zimeshalegeza mishipa, damu inabaki miguuni, anaona kizunguzungu. Atembee polepole dakika tano hadi kumi.

Miguu ya mgonjwa wa sukari ivuliwe viatu mbele yenu. Kandambili si kiatu cha mazoezi kwa mguu uliokufa ganzi. Ukikuta kidonda, hamisha programu yote kwenye kiti: mikono, kifua, mgongo.

Mtu mzima asiye na ugonjwa hana mengi ya kuogopwa; shida yake ni haraka, mpunguzieni. Kwa mazoezi ya nguvu, mpeni uzito anaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12 kwa mtindo sahihi. Anayefunga Ramadhani, mazoezi makali yasubiri baada ya futari. Mwenye homa apumzike, na kipimo cha malaria kije kabla ya pushapu.

Goti nalo. Wageni wa kazi wakisikia "linauma" wanaandika apumzike, na goti lililosagika linazidi kudhoofika kwa sababu paja limelegea. Maumivu ya hadi 5 kati ya 10 wakati wa zoezi ninayavumilia, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi palepale yalipokuwa. Yakibaki juu, punguza idadi, usifute zoezi.

Karatasi atakayoondoka nayo iwe na maneno machache yenye herufi kubwa, pamoja na mambo ya kumfanya asimame: kifua kubana, kizunguzungu, kukosa pumzi, moyo kupiga ovyo. Akirudi, usimwulize kama alifanya mazoezi. Atajibu "ndiyo daktari" kwa heshima tu. Muulize alipita njia gani. Yule mama hakuwa na njia ya kutaja. Mjukuu alikuwa anaachwa naye kutwa nzima. Tukabadilisha: dakika kumi kuzunguka uani, mtoto akiwa mgongoni ametulia usingizini, na zile za jioni binti yake akisharudi kazini.