Mkanda ukilia, usikimbilie kukaza

Kama unaendesha Toyota IST au gari lolote lenye injini ya 1NZ-FE, umeshaambiwa kwamba injini hiyo inatumia cheni ya taiming, ile ya ndani ya injini, haina taiming belti (mkanda wa kazi hiyohiyo). Ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi wakisikia hivyo wanasahau kabisa habari ya mikanda.

Upo mkanda wa nje. Mafundi wanauita feni belti, ingawa feni ya rejeta inazungushwa na umeme. Mkanda huo mmoja ndio unaozungusha alteneta, kompresa ya AC na pampu ya maji. Ukikatika, taa nyekundu ya betri inawaka, na dereva anajipa moyo kwamba ni chaji tu, atafika nyumbani. Ndugu yangu, maji ya kupoza injini hayazunguki tena! Weka gari pembeni, uzime palepale. Ukiendelea, gasketi inaungua na silinda hedi inaweza kupinda.

Mimi naukagua kila ninapobadilisha oili, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Naupindua kidogo kwa vidole, namulika tochi upande wa ndani wenye mifereji. Nyufa kila mtu anaziona. Lakini mikanda mingi ya siku hizi, ile ya EPDM (aina ya mpira mgumu kupasuka), inalika bila kupasuka: mifereji inapanuka na mkanda unazama kwenye puli, yaani magurudumu unayoyazungusha. Kwa hiyo fundi akikuambia "bado haujapasuka", usiridhike. Ukiwa umelowa oili, ubadilishe, ila kwanza tafuta oili inavujia wapi, maana mpya nao utaharibika vilevile.

Mluzi wa mkanda asubuhi mafundi wengi wanautibu kwa kusogeza alteneta na kukaza. Mkanda ukikazwa kupita kiasi, beringi za alteneta na za pampu ya maji ndizo zinazokufa. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji, mikono na nguo zikiwa mbali. Mluzi ukizidi, mkanda umelegea. Ukinyamaza halafu ukarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, na hapo kukaza hakusaidii chochote.

Ukienda kununua spea, beba mkanda wa zamani au namba yake. 5PK1230, kwa mfano, ni mkanda wa mistari 5 na urefu wa milimita 1230. Kabla mpya haujafungwa, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ishughulikiwe sasa hivi. Na baada ya siku chache rudi kwa fundi aupime tena, kwa sababu mkanda mpya hulegea kidogo ukishazoea puli.