Maswali ya Wasomaji: Sultani, Dikteta na Imla

*Assalam aleikum Maalim. Juzi jioni tulikuwa barazani hapa Mkunguni mbele ya ngome, tukaanza kubishana mpaka watu wakapandishiana sauti. Mmoja asema masultani wa Zanzibar waliotutawala walikuwa madikteta tu, mwengine asema hapana, sultani ni sultani na dikteta ni kitu kengine, alafu kijana mmoja wa chuo akaleta neno uimla, mzee akamkatiza ati imla ni ile ya mwalimu kusoma na wanafunzi kuandika, siasa imeingiaje hapo? Tukaachana bila jawabu. Haya maneno ni kitu kimoja ama? – Msomaji, Langoni, Lamu*

Wa aleikum salaam mwanangu. Mzee yuko sawa na kijana pia yuko sawa. Imla ni neno la Kiarabu, mtu anasoma wengine wanaandika, na ukifikiria vile darasa la imla linavyokwenda utaona mbona likaingia kwenye siasa: anayesema ni mmoja, wengine wote wameinamisha vichwa wanaandika alichosema, hakuna wa kuinua mkono aulize kwa nini sentensi iko hivyo. Utawala wa imla ndio huo huo. Na Warumi nao walipita njia hiyo hiyo, manake dikteta latokana na kitenzi cha Kilatini cha kusema maneno ili mwengine aandike au atii.

Ila zamani dikteta halikuwa tusi. Roma ilipokuwa haina mfalme kilikuwa ni cheo cha halali kabisa, mji ukiwa hatarini anateuliwa mtu mmoja anapewa amri yote, lakini kwa muda, isizidi miezi 6, kazi ikiisha airudishe. Yaliharibika pale Sulla alipokichukua bila kuwekewa kikomo, mwaka 82 KK, alafu Julius Caesar akafanywa dikteta wa maisha mwaka 44 KK na Machi ya mwaka huo huo maseneta wakamuua. Kwa hivyo mimi nikisikia mtu ameitwa dikteta swali langu la kwanza si kama ni mkali, ni hili: ataondoka lini na nani anaweza kumwambia hapana? Wengi wao hawakuingia kwa bunduki pia, Hitler Machi 1933 alipigiwa kura na bunge lenyewe, likaipa serikali yake ruhusa ya kutunga sheria bila bunge, na wakati huo wapinzani wengine washatiwa ndani tayari.

Sasa sultani na mfalme. Haya ni maneno ya kiti. Yanakwambia mtu amekaaje pale, mara nyingi kwa kurithi, lakini hayakwambii ana nguvu kiasi gani. Mfalme wa Uingereza ana taji ila sheria zatungwa bungeni, na Mswati wa Tatu wa Eswatini, aliyekalia kiti tangu 1986, yeye ndiye mwenye neno la mwisho na vyama vya siasa haviruhusiwi hata kushiriki uchaguzi. Wote wafalme. Ndio maana ukitaka kueleweka sema ufalme wa kikatiba au ufalme usio na mipaka, usiache neno peke yake.

Na hapa kwetu Amu, yaani Lamu, tusiyachanganye zaidi, kwa sababu mui (mji) huu zamani haukuwa na mfalme. Wafalme walikuwa Pate, wa ukoo wa Wanabahani, na Amu ikiendeshwa na wazee wa Yumbe, ndilo baraza la mui, pande mbili za Zena na Suudi zikipokezana. Ilipofika vita vya Shela, yapata 1812, Amu ikawashinda Pate na Mazrui wa Mombasa, alafu kwa kuogopa kisasi wazee wenyewe wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, akaleta liwali, yaani gavana wake, na askari, na ile ngome mliyokaa mbele yake ikamalizwa miaka ya 1820. Yaani mui uliozoea kuamua kwa baraza ukajikuta na mtu aliewekwa na mwenye kiti cha mbali, na hakuna aliewapigia kura yoyote. Hili laniuma kila nikilisoma, na natamani watoto wetu walifundishwe kabla ya historia ya Roma.

Je, Seyyid Said, ambaye masultani wa Zanzibar ni kizazi chake, alikuwa dikteta? Alitawala peke yake, hakuwa na katiba wala bunge, kwa hivyo mtawala wa peke yake ni sawa kabisa kusema. Dikteta sitasema, manake hakupewa amri ya muda akakataa kuirudisha, wala hakuvunja bunge, hapakuwa na bunge la kuvunja. Na waliomfuata nguvu zao zilizidi kupungua, Barghash mwaka 1873 alifunga soko la watumwa baada ya Waingereza kumtishia manowari zao, na kuanzia 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, jina la sultani likabaki na amri ikaenda kwengine. Ukisema masultani wote walikuwa madikteta hilo lote lapotea.

*Maalim, ni madikteta ama wadikteta? – Mwanafunzi, Mkomani*

Madikteta. Lakini ni mtu, kwa hivyo sema madikteta wale walianguka, sio yale yalianguka.

*Mimi ni mvuvi Malindi. Mwenyekiti wa kikundi chetu hajaitisha uchaguzi miaka sasa, pesa anatoa peke yake, ukiuliza unatolewa kwenye grupu ya WhatsApp. Tulimwita dikteta mkutanoni, sasa asema tumemtusi tumuombe radhi. Tulikosea? Na kuna wenzetu walitaka kumwita nduli. – Mvuvi, Malindi*

Nduli hapana kaka, hilo liacheni kabisa. Nduli ni muuaji asiye na huruma, na Watanzania walilitumia kwa Idi Amin wakati wa vita vya 1978 na 1979, watu walikuwa wamekufa kweli. Dhalimu nalo lahitaji mtu aliyenyang'anywa haki yake, mkiwa na hesabu za samaki zinazoonyesha fulani hakulipwa basi hapo semeni dhuluma, bila hesabu msiseme.

Semeni anaendesha kikundi kiimla. Hilo lasema kitendo, na kitendo kina ushahidi: hakuna uchaguzi, sahihi ya pesa ni moja, anaeuliza anatolewa. Nchi hii tumelionja hilo kwa ukubwa wake, 1982 ikaandikwa kwenye katiba kuwa chama ni KANU peke yake, mpaka Disemba 1991 ndio kile kifungu kikaondolewa, na miaka yote ile taarifa ya habari redioni ilikuwa yaanza na Mtukufu Rais amefanya hivi, Mtukufu Rais amesema vile. Sheria ilikuwepo, uchaguzi ulikuwepo, kilichokosekana ni wa kumkatalia. Kwengine ilizidi, Kamuzu Banda wa Malawi akawa rais wa maisha 1971, na Bokassa kule Afrika ya Kati hata urais haukumtosha, Disemba 1977 akajivisha taji la kaizari, na kaizari lenyewe latokana na jina la yule yule Caesar.

Kwa hivyo mkutano ujao nendeni na katiba ya kikundi, someni kile kifungu cha muhula wa mwenyekiti mbele ya wanachama wote, alafu muulizeni tarehe ya uchaguzi na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kama neno dikteta limemkera mwombeni radhi kwa hilo neno, lakini swali la tarehe msiliondoe.