Kalamu ya yule mama

Mwanangu,

Umeniuliza kama ile filamu uliyotuwekea Krismasi, Some Mother's Son, inawatetea wauaji. Baba yako alisinzia mapema, kama kawaida yake. Mimi niliimaliza, na kilichonikaa kichwani ni kalamu.

Wale wafungwa wa Ireland Kaskazini waliopigana kuing'oa Uingereza walishika bunduki, sikatai. Uingereza ilipofuta mwaka 1976 ile hadhi iliyowatenga na wezi wa kawaida, wakakataa sare za jela, wakajifunga blanketi. Mwaka 1981 wakagoma kula pale jela ya Maze. Mmoja wao, Bobby Sands, akachaguliwa mbunge huku anakonda, akafa baada ya siku 66. Walikufa kumi. Lakini mfungwa akizimia, mzazi aliweza kusaini aokolewe. Kwenye filamu mama mmoja anasaini, mwenzake anakataa.

Mwaka huohuo mimi nilikuwa kidato cha pili, bweni. Habari za unga wa yanga na maharage yenye wadudu mnazijua, sizirudii. Tuligoma bweni zima, tukaapa. Siku ya pili jioni bibi yako akafika kwa miguu kutoka Kibosho, sufuria la mtori limefungwa kwa kanga. Akanivuta nyuma ya kamba za kuanikia nguo, akafungua lile fundo, akasema, "Kula." Hakuniuliza kitu. Nilikula mpaka nikakwangua chini kwa kidole. Kuinua macho, mwenzangu wa kitanda cha juu amesimama na ndoo yake. Hakusema neno. Mpaka tunamaliza kidato cha nne jina langu lilikuwa Mtori.

Unajua msemo wangu: tumbo halina siasa. Kazi ya mzazi ni kulisha, basi. Sasa mbona nilimnunia bibi yako miaka yote ile? Na mbona ningekuwa yeye ningebeba masufuria mawili? Tumbo halina siasa, lakini mwenye tumbo anayo, na yule kijana wa kwenye filamu akizinduka atamtazamaje mama yake?

Usinibane niseme yupi kati ya wale akina mama alikosea. Nilishaandika hapa, nikafuta. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona.

Yule wa kitanda cha juu tulikutana msibani Marangu mwaka jana. Akaniuliza, "Bado unakula mtori?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama yako,
Moshi