Je, Picha za Mtaani Zinaweza Kupinga Dhuluma?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Morogoro. Napenda kupiga picha za maisha ya mtaani kwetu: foleni za maji, wagonjwa wanaosubiri zahanati, vibarua wakirudi jioni. Rafiki yangu anadai kwamba picha za kisiasa ni zile za maandamano na mabomu ya machozi, na kwamba zangu ni za kumbukumbu tu. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, rafiki yako hajamsikia Ernest Cole, mpiga picha wa Afrika Kusini. Cole alizaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria, akapiga picha zake katika miaka ambayo sheria za makaburu zilimlazimu Mwafrika kutembea na pasi, yaani kitabu cha kibali cha kuwapo mahali. Ili aweze kuzunguka, alibadili jina la ukoo kutoka Kole kuwa Cole na akafanikiwa kuandikishwa kama chotara, ambaye hakubanwa na sheria hiyo ya pasi. Alichokwenda kukipiga kilikuwa kile ambacho kila mtu alikipita kila siku: mabenchi ya wazungu peke yao, treni zilizofurika, watumishi wa majumbani, mvulana aliyechuchumaa darasani huku jasho likimtiririka usoni, akijitahidi kufuata somo. Katika picha yake inayojulikana zaidi, wanaume walioajiriwa migodini wamepangwa uchi wakielekea ukutani, mikono juu, wakipimwa afya kwa pamoja. Hakuna polisi wala rungu katika picha hiyo, na bado sijaona picha ya maandamano inayoishtaki serikali ile kwa ukali zaidi.

Aliondoka nchini mwaka 1966, na kitabu chake cha picha hizo, House of Bondage (Nyumba ya Utumwa), kilipotoka New York mwaka 1967, Afrika Kusini ilikipiga marufuku. Serikali haihangaiki kupiga marufuku kumbukumbu tu.

Miaka ya 1980, Santu Mofokeng wa Soweto aliamua kupiga picha za abiria waliogeuza mabehewa ya treni kuwa kanisa, wakiimba na kusali njiani kwenda kazini. Ubaguzi uliwaweka mbali na ajira zao. Wao wakaifanya safari hiyo kuwa ibada. Hata hivyo, nisikudanganye: si kila picha ya umaskini inapinga jambo. Foleni ya maji huwa hoja pale mtazamaji anapoweza kujua ni nani amesimama, tangu saa ngapi, na kwa nini bomba limekauka. Bila hayo, inabaki picha ya ndoo.

Kwa hiyo andika mahali, tarehe na maelezo siku hiyohiyo. Omba ridhaa, na ikiwa kuonekana kwa mtu kunaweza kumponza, mpige kwa mgongo. Weka nakala mahali pengine pia, tena mtu wa kuaminika ajue zilipo: Cole alifariki uhamishoni New York mwaka 1990, na negativu zake (filamu za picha) zipatazo 60,000 zikaja kujulikana mwaka 2017 tu, zikiwa katika benki moja ya Stockholm. Kwa zile ulizokwisha kuzipiga bila maelezo, anza na zile ambazo wahusika wake bado wapo mtaani, maana hao ndio watakaokukumbusha mwaka.