Mama anaulizia wali wa manjano wa Ahmedabad

SWALI: Shikamoo mama. Mwaka jana nilimpeleka mama yangu India, katika mji wa Ahmedabad, akafanyiwa upasuaji wa moyo. Wiki tatu tulizokaa huko, chakula pekee alichokuwa akikimaliza ni wali laini wa manjano uliopikwa pamoja na choroko. Wauguzi wanauita kichri. Sasa tumerudi Dodoma, uji hataki, ugali hataki, kila siku anaulizia wali wake. Nimejaribu mara mbili kwa choroko za kijani, mchele, kitunguu, nyanya na ndimu, maji nikapima kama ya wali. Mchele unaiva, choroko zinabaki ngumu kama changarawe. Nakosea wapi? – Binti wa Dodoma

JIBU: Marahaba binti yangu, na umpe mama pole nyingi. Barua yako imenigusa, maana hata mimi kichri nilianza kuila nikiwa kitandani. Nilikuwa mwanafunzi Vadodara, kama saa mbili kwa treni kutoka hapo mlipokuwa. Mvua za Julai zikaniletea homa. Mama mwenye nyumba wangu, Mgujarati asiyekula nyama wala yai, alipanda ngazi na sufuria ndogo mkononi, akavuta kiti, akakaa ananitazama mpaka nikamaliza. Nilipopona nikamwomba anifundishe. Akaniambia kwanza nisahau wali.

Hapo ndipo ulipokosea. Wali wetu tunausifu ukichambuka. Kichri inasifiwa ikipondeka. Choroko zako zilikuwa nzima na ganda lake. Za kule zimepasuliwa na kukobolewa, ni ndogo za njano, wanaziita mung dal. Tafuta kwenye maduka ya Wahindi. Ukipata zilizopasuliwa zenye ganda, ziloweke saa 3, uzifikiche kwa viganja, maganda yataelea uyamwage. Nyanya na ndimu nazo zimekuponza: uchachu unazifanya kunde na choroko zigome kuiva. Yule mama mwenye nyumba hakutia nyanya kabisa, na kwa mgonjwa namfuata yeye.

Chukua kikombe 1 cha mchele na kikombe 1 cha choroko hizo. Usinunue mchele wa bei. Chenga zinafaa zaidi, zinalainika upesi. Osha mpaka maji yatakate, loweka nusu saa. Bandika na maji vikombe 7, nusu kijiko cha chai cha manjano na chumvi kidogo. Ikichemka engua povu, punguza moto, funika ukiacha upenyo, uiache dakika 35 hadi 40. Mwishoni usiondoke jikoni, maana inashika chini. Ikikaza mapema ongeza maji ya moto, ya baridi yataikatisha. Bonyeza punje ya choroko kwa vidole viwili: ukisikia kiini, bado. Ikiwa tayari, ivuruge kwa mgongo wa mwiko, iwe nzito kuliko uji na laini kuliko bokoboko.

Kilichobaki ni samli ya moto yenye viungo, na nadhani ndicho mama anachokikumbuka bila kukijua jina. Wagujarati wanakiita vaghar. Pasha samli kwenye kikaango kidogo, tia bizari nyembamba nzima. Zikianza kupasuka ongeza tangawizi iliyopondwa na chembe ya mvuje, ule ule wanaofungwa watoto wachanga huku pwani. Mimina yote juu ya kichri, funika papo hapo, subiri dakika 5. Mvuje mbichi unanuka vibaya. Ukiingia kwenye samli ya moto, harufu inageuka kama ya kitunguu kilichokaangwa.

Kuhusu kiasi, muulize daktari wake, kwa samli na kwa chumvi pia. Jikoni kwa Akbar, mfalme wa India wa karne ya 16, mchele, choroko na samli vilipimwa kwa uzito sawa. Moyo uliotoka kupasuliwa usiupe karamu hiyo. Mimi ningeanza na kijiko kimoja cha chai. Papadi (vile vichapati vikavu vya Kihindi) na achari ziache, zimejaa chumvi. Mpe mtindi pembeni.

Na wakati inachemka, umsimulie hili: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliendelea baadaye hadi India, akaandika kuwa watu wa huko wanapika choroko na mchele, wanakula na samli asubuhi, wanakiita kishri. Kwa hiyo mama yako hakupenda chakula cha hospitali. Amependa chakula cha nyumbani kwa watu.

SWALI: Mama, hiyo kichri unayoisifu si mseto wetu tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni ndugu, baba, na nimefurahi umeutaja, kwa sababu siku hizi vijana wengi hawaujui. Mseto nao ni mchele na choroko vilivyopondwa pamoja, ila unaivia kwenye tui la nazi, na mwenzake mezani ni samaki. Kichri haina nazi, utamu wake uko kwenye samli ya mwisho. Nikiwa mzima, nipe mseto na mchuzi wa papa. Nikiwa na homa, nipandishie ngazi sufuria ya kichri.