Maswali ya Wasomaji: Kipindi kipo redioni, kompyuta inasema hakipo

SWALI

Kaka, habari za kazi. Niko Leicester, Uingereza, nahudumia wazee zamu za usiku. Asubuhi nikirudi na basi napenda kusikiliza Witness History ya BBC World Service. Kwa kuwa mtandao hukatika njiani, kijana mmoja jirani aliniwekea get_iplayer, programu ya kupakua vipindi vya BBC, kwenye laptopu yangu inayotumia mfumo wa Ubuntu, na yeye ndiye aliyekuwa akiniandikia amri. Sasa amehama. Nikiandika mwenyewe get_iplayer "witness history" naambiwa vimepatikana vipindi 0. Nikachukua karatasi aliyoniachia yenye namba za vipindi, nikaweka --get na namba mojawapo, ikaniletea mchezo wa redio nisioujua. Halafu kuna kipindi nilikifuta kimakosa. Nikikitaka tena inagoma, eti nilishakipakua. Mume wangu anasema niifute yote niisakinishe upya. Tena Desemba nakwenda Tanga. Je, huko itafanya kazi?

Msomaji, Leicester

JIBU

Dada yangu, mwambie shemeji asubiri kwanza. Kusakinisha upya hakutakusaidia, kwa sababu historia ya ulivyopakua na mipangilio yako vinakaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .get_iplayer, ndani ya folda yako ya nyumbani. Ukiiondoa programu, folda hiyo inabaki palepale, nawe utarudi ulipoanzia.

Tuanze na vipindi 0. Usipoiambia vingine, get_iplayer hutafuta kwenye orodha ya televisheni peke yake. Witness History ni kipindi cha redio, kwa hiyo andika:

get_iplayer --type=radio "witness history"

Nadhani jirani yako alikuwa akiiweka --type=radio kila mara bila kukueleza kazi yake. Ukitaka isikusumbue tena, iandike mara moja tu hivi: get_iplayer --prefs-add --type=radio. Baada ya hapo itakumbuka. Ila siku ukitafuta kipindi cha televisheni ukakikosa, kumbuka kwamba wewe ndiye uliyeifunga kwenye redio. Amri ya --prefs-show itakuonyesha yote uliyoyahifadhi, na mimi huiangalia hiyo kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Lakini hata ukitafuta redioni, kuna vipindi ambavyo hutavipata, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure. Orodha inayotafutwa hutengenezwa kutokana na ratiba za BBC za siku 30 zilizopita. Kwenye BBC Sounds, huduma ya BBC ya kusikiliza redio mtandaoni, vipindi vingi vya World Service hubaki muda mrefu zaidi ya huo, vingine miaka. Kwa hiyo unaweza kukiona kipindi cha mwaka jana kwenye Sounds, ukakibonyeza kikacheza vizuri, huku get_iplayer inakuambia hakuna. Haidanganyi. Inakuambia hakimo kwenye orodha yake.

Dawa yake ni kuacha kutafuta kwa jina. Fungua ukurasa wa kipindi kwenye Sounds, tazama anwani juu ya kivinjari: baada ya neno play kuna mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo PID, kitambulisho cha kipindi hicho kimoja. Za World Service nyingi huanza na w3ct. Inakili yote, usiiandike kwa kukariri, kisha:

get_iplayer --type=radio --pid=PID

Mahali pa PID ya mwisho weka ile uliyoinakili. Ukiongeza --info kwenye amri hiyohiyo haitapakua. Itakupa maelezo ya kipindi kwanza, uhakikishe ndicho. Angalia pia usichukue PID ya ukurasa mkuu wa mfululizo. Hiyo inahitaji --pid-recursive, ambayo huleta vipindi vyote vilivyo chini yake, na Witness History ina miaka mingi ya matangazo. Diski yako itajaa. Ukitaka kujua kilichomo tu, tumia --pid-recursive-list.

Ile karatasi ya namba itupe. Namba zinazoonekana kando ya vipindi ni za orodha ya wakati ule. Orodha ikisasishwa, namba hupangwa upya, na ile iliyokuwa ya Witness History inaangukia kipindi kingine. Ndiyo maana ukaletewa mchezo. Namba itumie papo hapo baada ya kutafuta. Cha kuhifadhi kwenye daftari ni PID, maana hiyo haibadiliki.

Kuhusu kipindi ulichokifuta: programu haiangalii kama faili bado lipo, inaangalia historia yake. Ongeza --force mwishoni mwa amri, itakipakua tena. Nakusihi usilifute faili la historia ili kuikwepa shida hii, kama baadhi wanavyoshauriana, kwa kuwa ndilo linalokuzuia kupakua kitu kilekile mara mbili.

Sasa Tanga. Vipindi vya iPlayer, huduma ya televisheni ya BBC mtandaoni, ni vya walioko Uingereza, na tangu Septemba 2016 hata huko lazima uwe na leseni ya televisheni. Redio haihitaji leseni hiyo. Vipindi vya mazungumzo vya World Service kwa kawaida hupatikana nje pia, ila vingine, hasa matangazo ya mpira, huzuiwa kwa sababu ya haki za utangazaji. Kwa nini ujisumbue? Pakua vya kutosha ukiwa bado Leicester, uvihamishie kwenye simu, usikilize mwenyewe. Usivisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Ni kazi ya watu yenye hakimiliki.

Jambo la mwisho ni toleo. Programu ya get_iplayer ilianzwa na Phil Lewis mwaka 2008, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, na leo inatunzwa na watu wa kujitolea wasiohusiana na BBC. BBC wakibadilisha mitambo yao, matoleo ya zamani huacha kufanya kazi bila onyo, na toleo la kwenye hazina ya programu za Ubuntu linaweza kuwa limepitwa. Toleo lako limeandikwa kwenye mstari wa kwanza kila unapoiendesha. Hakikisha pia programu ya ffmpeg ipo, kwa sababu ndiyo inayoyageuza yaliyopakuliwa kuwa faili la m4a linalochezeka kwenye simu. Andika ffmpeg -version uone kama inajibu.

Ukifanya yote haya na bado inagoma, irudie amri ileile ukiwa umeongeza --verbose, kisha nitumie maneno yote yatakayotokea kuanzia mstari wa toleo, pamoja na amri yenyewe kama ulivyoiandika. Usinipigie picha ya skrini, tafadhali. Nakili maandishi.