Kiwiko kimeruhusiwa sawa, lakini goti lako litalipwa na nani?

Juzi kijana wetu wa jimu ameshinda pambano la MMA (ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka) pale Nakuru na nikaposti picha, basi inbox ikajaa. Kuna mmoja wa Kondele akaniandikia, "Kocha, nimeskia kile kiwiko cha 12-6 kimeruhusiwa, nianze kukifanyia mazoezi?" Nikacheka, halafu nikaskia hasira kidogo, wacha nieleze ni kwa nini.

Ni kweli kimeruhusiwa. Ni kile kiwiko cha kushuka wima, kutoka juu moja kwa moja mpaka chini, kama kutoka namba 12 mpaka 6 kwa saa ya ukutani, na zamani kilikuwa faulo. Desemba 2009 mpiganaji wa MMA wa Marekani, Jon Jones, alikuwa anamtwanga Matt Hamill vizuri tu, akateremsha viwiko vya hivyo, akapoteza pambano kwa faulo, na mpaka leo hiyo ndio mechi pekee amewahi kupoteza. Wamarekani wakaifuta hio sheria ya kukikataza 2024, ikaanza kutumika Novemba 1. Mimi naona ilikuwa sheria ya ovyo toka mwanzo, maana kiwiko cha pembeni kilikuwa halali na kinapasua uso vile vile. Lakini ndugu yangu wa Kondele, wewe ni amateur, yaani si wa kulipwa, na kwa sheria za IMMAF, shirikisho la kimataifa la MMA ya amateur, amateur hapigi kiwiko cha aina yoyote ile, kwa hivyo unajifunza kitu ya kukutoa kwa mechi.

Sasa hasira. Mimi nimeshinda medali kwa faulo, iko ukutani sebuleni. Siku hio refa alituita sisi wote wawili kabla ya mechi akatusomea sheria, akasema kabisa kukamata kisigino na kukizungusha hakuna, tukaitikia. Raundi ya pili niko juu kwa pointi (na nilikuwa juu, uliza yeyote aliyekuwepo) jamaa akadaka mguu wangu, akabana goti katikati ya miguu yake, kisigino akakiweka kwa mkunjo wa mkono, akazungusha. Ubaya wa hii kitu haiumi mapema. Ameshika kisigino lakini kinachopindwa ni goti, na ukija kuskia uchungu ligamenti zishaachana. Refa akaruka akamtoa, mkono wangu ukainuliwa nikiwa nimesimamia mguu mmoja, watu makofi, promota akapiga picha na mimi, halafu bili ya goti ikawa ya mama yangu na mchango wa WhatsApp. Yule jamaa alirudi kupigana mimi bado natembelea magongo. Na bado kuna watu Nakuru wanasema ati nilijiangusha.

Aljamain Sterling, mpiganaji mwingine wa MMA wa Marekani, anaijua hii ya kushinda kwa faulo. Machi 2021 bingwa Petr Yan alimpiga goti kichwani Sterling akiwa chini, na hiyo ni faulo, Sterling akapewa mkanda, dunia nzima ikasema anaigiza, mpaka Aprili 2022 aliporudi akamshinda Yan kwa pointi. Mimi nafasi ya kurudiana sikupewa.

Kwa hivyo jueni sheria, lakini msidhani sheria itakukinga, refa anaadhibu faulo ikishafanyika. Kwa sparingi, yaani pambano la mazoezi, mtu akishafunga kisigino, tapu, yaani gonga kwa mkono kuonyesha umekubali kushindwa. Usingoje uchungu, tapu akifunga tu, hakuna mkanda unapeanwa Jumanne jioni kwa mazoezi. Ukipigwa nyuma ya kichwa simama umwambie kocha hapo hapo, usijifanye mwanaume. Na tapu mapema, narudia.

Wengine mnasema nawatisha. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul 1988, ndio dhahabu pekee Kenya iko nayo kwa ndondi za Olimpiki. Julai 1994 kule Las Vegas refa alisimamisha pambano lake na David Gonzales, Wangila akalalamika kwamba amesimamishwa mapema, akaanguka akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akafa. Huyo hakupigwa faulo yoyote, alikuwa na refa, alikuwa Marekani. Wewe unaingia ndani kwa hio show ya mtaani na hujauliza hata kama kuna daktari.

Mimi vijana wangu hawapandi ulingoni kama daktari na gari ya kupeleka mtu hospitali haziko hapo nje, nimeziona kwa macho. Mwezi uliopita promota mmoja akanipigia ati najifanya mzungu, nikamwambia atafute jimu ingine. Akapata siku hio hio.